Kalamu ya Kituoni: Haki za Anayekamatwa na Uwajibikaji wa Polisi nchini Kenya

Sheria za Kenya zinazomlinda mtu aliyekamatwa ni miongoni mwa zilizo pana zaidi barani Afrika, na bado seli za vituo vya polisi vya nchi hiyo zimeendelea kutoa majeruhi na maiti kwa namna ambayo msomaji wa Katiba ya 2010 asingeitarajia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba sheria ni nzuri ila utekelezaji wake ni dhaifu, kauli ambayo si ya uongo lakini haifafanui lolote, kwa kuwa haisemi ni wapi hasa utekelezaji huo unakatikia. Uchambuzi huu unashikilia kwamba unakatikia kwenye kumbukumbu: tangu mtu anapotiwa pingu hadi anaposimama mbele ya hakimu, karibu kila jambo linalompata huandikwa, huhifadhiwa na wakati mwingine hufutwa na taasisi ileile inayoweza kushtakiwa kwa ajili yake. Haki zimeandikwa katika Katiba na sheria, lakini matukio yanaandikwa na kituo.

Msingi wa haki zenyewe ni Ibara ya 49 ya Katiba. Anayekamatwa anapaswa kuelezwa mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa kwake, haki yake ya kunyamaza na matokeo ya kutonyamaza, ana haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine yeyote ambaye msaada wake unahitajika, halazimishwi kukiri, hachanganywi na wafungwa wanaotumikia vifungo, na lazima afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, si zaidi ya saa 24 tangu alipokamatwa. Ibara ya 51 inaongeza kwamba mtu aliyezuiliwa anabaki na haki nyingine zote za Katiba, isipokuwa zile ambazo haziwezi kwenda pamoja na hali ya kuzuiliwa, na Ibara ya 25 inaweka uhuru dhidi ya mateso katika orodha fupi ya haki ambazo serikali haiwezi kuzipunguza kwa sababu yoyote, hata ya usalama wa taifa. Kwa hiyo askari anayempiga mtuhumiwa hana kichaka cha kujifichia katika sheria. Hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa sababu katika nchi nyingi mjadala wa uwajibikaji huanza na mapungufu ya sheria, ilhali nchini Kenya mjadala huo unapaswa kuanza baada ya sheria.

Hata hivyo, kipengele cha saa 24 kina mlango wa nyuma. Iwapo muda huo unakwisha nje ya saa za kawaida za mahakama, au katika siku ambayo mahakama haiketi, mtuhumiwa anaweza kufikishwa kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Sababu ya kifungu hiki ni ya kiutendaji tu, kwa kuwa mahakama hazifanyi kazi usiku kucha, lakini ndicho kilichozaa desturi ambayo Wakenya wameipachika jina la kamatakamata ya Ijumaa: mtu anakamatwa Ijumaa alasiri, hasa mwanasiasa, mfanyabiashara au mwanaharakati, ili alale kituoni hadi Jumatatu bila sheria kuvunjwa hata kidogo. Hapo kukamatwa hakuwi tena hatua ya kumpeleka mtu mbele ya hakimu, bali kunakuwa adhabu inayotolewa kabla ya hakimu kujua lolote. Inapofika Jumatatu, polisi huweza kumpeleka mahakamani bila hati ya mashtaka na kuwasilisha ombi la kuruhusiwa kumzuia kwa siku kadhaa zaidi ili kukamilisha upelelezi. Mahakama zinaweza kulikataa ombi hilo, na zimelikataa mara nyingi, lakini zinapolikubali kila mara kwa kurudia sababu zilezile zilizotajwa na ofisa mpelelezi, mahakama yenyewe inageuka kuwa sehemu ya kituo. Kwa tuhuma za ugaidi, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inaruhusu muda huo kurefushwa hadi jumla ya siku 90, chini ya amri ya mahakama.

Dhamana ina sura mbili. Ile ya mahakama inajulikana na inabishaniwa hadharani. Ile ya polisi, ambayo mkuu wa kituo anaweza kuitoa kabla mtuhumiwa hajafikishwa kortini, hutolewa mezani, mara nyingi usiku, bila shahidi, na ndiyo yenye mianya ya kitu kidogo. Pesa taslimu zinazowekwa kituoni kama dhamana ni za kurudishwa na zinapaswa kuambatana na risiti. Pasipo risiti, hakuna dhamana iliyotolewa. Kilichofanyika ni biashara. Wanaoathiriwa zaidi ni watu waliokamatwa kwa makosa madogo madogo, kama kuuza barabarani bila leseni au kulewa hadharani, ambao Katiba yenyewe inasema wasiwekwe rumande ikiwa adhabu ya kosa lao ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Wengi wa hao hawafikishwi mahakamani kamwe. Wanaingia, wanalipa, wanatoka, na kwa kuwa hawakushtakiwa, hakuna faili la mahakama linaloonyesha kwamba walikuwa wamekamatwa.

Historia inasaidia kueleza kwa nini waandishi wa Katiba ya 2010 walikuwa wakali kiasi hicho. Katiba ya zamani, katika kifungu cha 72, nayo ilikuwa na kikomo cha saa 24, lakini marekebisho ya 1988 yaliwapa polisi siku 14 kwa watuhumiwa wa makosa ambayo adhabu yake ni kifo. Katika miaka hiyohiyo, kufuatia msako wa 1986 dhidi ya watu waliodaiwa kuwa wafuasi wa Mwakenya, vuguvugu la siri lililoipinga serikali, orofa za chini za jengo la Nyayo House, katikati ya Nairobi, zilitumiwa na Tawi Maalum la polisi kuwatesa wanafunzi, wahadhiri, wanahabari na wakulima. Waliotoka humo wameeleza kwamba walifunikwa macho wakati wa kupelekwa, waliachwa kwenye maji siku kadhaa, na walifikishwa mahakamani jioni wakiwa tayari kukiri ili mradi waondoke. Serikali iliufungulia umma vyumba hivyo vya mateso mwaka 2003. Kilichofanya mateso hayo yawezekane hakikuwa siri ya jengo, kwani ofisi za serikali zilikuwa zikiendelea na shughuli zao katika orofa za juu, bali ni kukosekana kwa waraka wowote uliosema kwamba mtu fulani yumo ndani.

Baada ya utawala wa wakati huo kuondoka madarakani, mahakama zilijaribu kuitoza serikali gharama ya ukiukaji. Katika kesi ya Albanus Mwasia Mutua ya 2006, Mahakama ya Rufani ilimwachilia huru mtu aliyekuwa ametiwa hatiani kwa wizi wa mabavu, kwa sababu polisi walimzuilia kupita muda wa kikatiba na hawakuueleza ucheleweshaji huo. Kwa miaka minne hivi, hoja hiyo ilitumiwa na mawakili wengi wa utetezi, na baadhi ya watuhumiwa wa mauaji walitoka bila ushahidi dhidi yao kusikilizwa. Kisha mwaka 2010, katika kesi ya Julius Kamau Mbugua, mahakama hiyohiyo ilibadili msimamo na kuamua kwamba dawa ya kuzuiliwa kinyume cha sheria ni fidia, wala si kufutwa kwa mashtaka. Uamuzi wa pili una mantiki, kwa kuwa jamaa za aliyeuawa hawapaswi kunyimwa haki kwa uzembe wa konstebo, lakini athari yake haikujadiliwa vya kutosha: bei ya ukiukaji ilihamishwa kutoka kwenye kesi ya jinai, ambako mpelelezi angeihisi, hadi kwenye Hazina ya Taifa, ambako haimgusi.

Ulinzi uliofanikiwa zaidi ni ule wa kukiri kosa, na mafanikio yake yanathibitisha hoja ya kumbukumbu. Kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, kilichoingizwa mwaka 2003 na kurekebishwa baadaye, kinasema kwamba maungamo hayapokelewi mahakamani isipokuwa yametolewa mbele ya jaji, hakimu au ofisa wa polisi wa cheo cha juu ambaye siye anayepeleleza kesi hiyo, na mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mtuhumiwa mwenyewe. Kanuni za 2009 ziliongeza masharti kuhusu lugha, chakula, afya na namna ya kurekodi. Tangu hapo thamani ya kumpiga mtu ili atie sahihi ilishuka sana, kwani karatasi iliyotiwa sahihi mbele ya mpelelezi peke yake haina kazi kortini. Sheria haikuwaomba askari wawe wema. Iliwaondolea faida ya ukatili kwa kuiweka kalamu mkononi mwa mtu mwingine. Inasikitisha kwamba mbinu hiyo haikuenezwa katika sehemu nyingine za maisha ya mahabusu.

Kwenye sehemu hizo nyingine, kumbukumbu kuu ni Kitabu cha Matukio, ambacho kila Mkenya anakijua kwa jina la OB. Kila tukio linalofika kituoni, liwe malalamiko ya mke aliyepigwa au kuingizwa kwa mtuhumiwa seli, linapaswa kuandikwa humo kwa mfuatano wa saa na kupewa nambari, na raia aliyeibiwa simu hudai nambari ya OB kabla ya kitu kingine chochote. Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linakwenda mbali zaidi na kutaka rejista ya mahabusu inayoonyesha sababu ya kukamatwa, tarehe na saa ya kukamatwa na ya kufikishwa mahakamani, majina ya maofisa waliohusika, na mahali halisi mtu anapozuiliwa, mahali ambapo lazima pawe pamekubaliwa kisheria. Kwa maneno mengine, sheria inajua vizuri kwamba mtu asiyeandikwa yuko hatarini. Inachokosea ni kumwamini mwandishi mmoja.

Mfano ulio wazi ni wa Kituo cha Ruaraka, Nairobi. Mwezi wa Desemba 2013, kijana aliyekamatwa kwa ugomvi wa nyumbani alipigwa ndani ya kituo hicho hadi akafa kwa majeraha. Mkuu wa kituo alidai kwamba aliuawa na mahabusu mwenzake, na mahabusu huyo akatwishwa mzigo wa mauaji. Wachunguzi wa nje walipoingia walikuta Kitabu cha Matukio kimechezewa, na ni kwa kulinganisha maandishi hayo na ushahidi wa waliokuwa seli usiku ule ndipo ukweli ulipojitokeza. Mwishoni mwa 2018 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mkuu huyo wa kituo. Kesi hiyo inatajwa mara nyingi kama ushindi, na kweli ni ushindi, lakini ulihitaji miaka mitano na ujasiri wa mahabusu waliokuwa tayari kusema dhidi ya mtu aliyekuwa na funguo zao.

Hadithi wanazotoa polisi baada ya kifo zinafanana kiasi kwamba zinaweza kupangwa kwa aina. Ruaraka, marehemu aliuawa na mahabusu mwingine. Kianjokoma, Kaunti ya Embu, Agosti 2021, ndugu wawili waliokamatwa kwa kuvunja kafyu ya wakati wa Korona walidaiwa kujirusha kutoka kwenye gari la polisi lililokuwa likienda, na maofisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Katika Kituo cha Central, Nairobi, Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alidaiwa kugonga kichwa chake ukutani. Kila maelezo yana sifa moja: yanamfanya marehemu au mahabusu mwenzake kuwa mtendaji, na yanatolewa mapema, kabla ya daktari, ili yawe ndiyo maandishi ya kwanza ambayo wengine wote watalazimika kuyapinga.

Kesi ya wakili Willie Kimani inaonyesha mwisho wa mantiki hiyo, pale ambapo hakuna maandishi rasmi kabisa. Mteja wake, mwendesha bodaboda, alikuwa amepigwa risasi na ofisa wa Polisi wa Utawala mwaka 2015. Alipolalamika, alibandikwa mashtaka yasiyohusiana, mbinu inayofahamika vizuri ya kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa ili malalamiko yake yaonekane kama kisasi. Tarehe 23 Juni 2016, wakili, mteja na dereva wa teksi waliokuwa wakitoka katika Mahakama ya Mavoko walitekwa njiani na kupelekwa katika kambi ya Polisi wa Utawala ya Syokimau. Hawakuandikwa popote. Kutoka ndani ya seli waliandika ujumbe wa kuomba msaada kwenye kipande cha karatasi ya chooni na kukitupa nje, kikaokotwa. Siku chache baadaye miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Kipande kile cha karatasi, pamoja na kumbukumbu za simu, ndivyo vilivyowaunganisha washtakiwa na kambi, na mwaka 2022 Jaji Jessie Lessit aliwatia hatiani maofisa watatu na mtoa habari mmoja wa polisi, kisha Februari 2023 akamhukumu mkuu wao kifo na wengine vifungo virefu. Mahabusu walijiandikia rejista ambayo kituo kilikataa kuiandika, na mahakama iliipokea.

Chombo kilichoundwa kuvunja ukiritimba huu wa kumbukumbu ni Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, ijulikanayo kwa kifupi IPOA. Chimbuko lake ni ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambazo Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 ndani yake, 405 vikiwa vya risasi, na kulaumu polisi kwa sehemu kubwa ya hivyo. Jopo lililoongozwa na Jaji mstaafu Philip Ransley mwaka 2009 lilitoa mapendekezo zaidi ya 200, na Bunge likapitisha Sheria ya IPOA mwaka 2011. Mamlaka hiyo inaongozwa na raia. Inaweza kuingia kituoni, kukagua seli, kuchukua nyaraka, kuita mashahidi na kuchunguza kila kifo au jeraha kubwa linalotokana na matendo ya polisi, likiwamo lile linalotokea mikononi mwao. Mkuu wa ofisa aliyesababisha kifo kwa nguvu anapaswa kuiarifu. Ikimaliza, hupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, kwa kuwa yenyewe haishtaki.

Katika kila moja ya hatua hizo kuna mahali pa kukwama. Mamlaka huarifiwa na walewale inaopaswa kuwachunguza, na taarifa ikichelewa hata nusu siku, seli inakuwa imekwisha kupigwa deki. Maofisa wake ni wachache mno kwa nchi yenye vituo na kambi mamia kwa mamia. Mashahidi wengi ni askari, ambao kanuni yao isiyoandikwa ni kulindana, au ni mahabusu na wakazi wa mitaa ambako askari huyohuyo ataendelea kupiga doria. Faili nyingi zimepelekwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka tangu Mamlaka ilipoanza kazi mwaka 2012, na hukumu zilizopatikana ni chache. Wapo wanaoiita chui wa karatasi, lakini lawama hiyo inawapa nafuu wasiostahili. Mamlaka inayonyimwa ushahidi haiwezi kulaumiwa sawa na anayeunyima.

Suala la Ojwang linaonyesha jinsi unyimaji huo unavyofanyika katika zama za kamera. Alikamatwa Homa Bay tarehe 7 Juni 2025 kwa madai ya kumchafulia jina Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat mitandaoni, akasafirishwa kwa barabara hadi Nairobi, akaingizwa Kituo cha Central usiku, na kabla ya mapambazuko alikuwa amekufa. Kumtoa mtu Homa Bay, yenye kituo na mahakama yake, hadi mji mkuu ambako mlalamikaji ndiye mkubwa wa polisi, ni uamuzi ambao peke yake ungestahili kuhojiwa hata kama Ojwang angetoka salama. Uchunguzi wa maiti uliofanywa na jopo la wanapatholojia ulikuta jeraha la kichwa, dalili za kubanwa shingo na majeraha mengi mwilini, yasiyolingana na mtu aliyejigonga ukutani. IPOA ilieleza kwamba mfumo wa kamera za kituo ulikuwa umeingiliwa, na Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliwaomba radhi maseneta kwa taarifa ya awali. Maofisa kadhaa, akiwamo mkuu wa kituo, na watu wengine walishtakiwa kwa mauaji na wakakana. Hatia yao ni kazi ya mahakama kuiamua. Kinachoweza kusemwa bila kuingilia kesi ni kwamba kamera inayorekodi kwenye diski iliyomo ndani ya kituo, chini ya ufunguo wa kituo, ni OB nyingine tu iliyo ghali zaidi.

Maiti nayo ni kumbukumbu, pengine iliyo ngumu zaidi kuchezewa, na ndiyo maana inashangaza kwamba Kenya imeiacha pia mikononi mwa polisi. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo ilipitishwa mwaka 2017 ili kifo chochote cha kutatanisha, na hasa cha mahabusu, kichunguzwe na ofisa huru ambaye angefika eneo la tukio, kuusimamia mwili na kuagiza upasuaji. Kwa miaka mingi sheria hiyo ilibaki kwenye karatasi bila huduma yenyewe kuanzishwa. Katika pengo hilo, gari la polisi ndilo linalopeleka mwili chumba cha maiti, na ofisa wa polisi ndiye anayemsimulia mhudumu jinsi mtu alivyokufa. Familia nyingi za Kenya hugundua kifo cha ndugu yao kwa kuzunguka mochari moja hadi nyingine.

Kuanzia Juni 2024, wakati vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, tatizo lilichukua sura ambayo Ibara ya 49 haikuiwazia, ya kukamatwa kusikokiri kwamba ni kukamatwa. Askari kanzu waliofunika nyuso walichukua watu kwa magari yenye nambari za bandia au yasiyo na nambari, na vituo vyote vikakana kuwa nao; Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya iliorodhesha visa zaidi ya 80 kufikia Desemba mwaka huo. Dawa ya kisheria ya hali hii ni ya kale: amri ya mahakama inayomtaka anayemshikilia mtu amlete mbele ya jaji, akiwa hai au amekufa, na aeleze kwa mamlaka gani anamshikilia. Katiba inaiweka pamoja na uhuru dhidi ya mateso kama haki isiyopunguzwa. Watu watatu walipotekwa Kitengela tarehe 19 Agosti 2024, mahakama iliwataka polisi wawalete, na kaimu Inspekta Jenerali Gilbert Masengeli alipopuuza miito mfululizo, Jaji Lawrence Mugambi alimhukumu kifungo cha miezi sita kwa kuidharau mahakama. Walinzi wa jaji huyo waliondolewa. Wiki moja baada ya hukumu, watatu hao waliachwa barabarani katika Kaunti ya Kiambu, na Masengeli alipojitokeza na kuomba radhi, adhabu iliondolewa. Tukio hilo linaweza kusomwa kama kushindwa kwa mahakama, lakini lina funzo jingine: jaji aliyesisitiza kumdai mkuu mmoja, kwa jina lake na mwenyewe binafsi, alipata matokeo ambayo amri zinazoelekezwa kwa Serikali kwa ujumla huwa hazipati.

Nchi nyingine zimejibu swali la mwandishi mmoja kwa kugawa kazi. Uingereza na Wales, baada ya kashfa za maungamo ya kulazimishwa, zilipitisha sheria ya 1984 iliyoweka ofisa wa mahabusu, askari mwenye cheo ambaye haruhusiwi kuhusika katika upelelezi wa kesi ya mtu anayemlinda, anayefungua na kuijaza rejista yake, na maamuzi ya kuendelea kumzuia mtu huyo hupitiwa baada ya saa sita na kisha kila baada ya saa tisa. Maofisa hao si malaika, na vifo katika seli za huko bado vinatokea. Lakini mpelelezi wa huko akitaka kumchukua mtuhumiwa kumhoji hulazimika kumwomba mwenzake, na ombi hilo linaandikwa. Miongozo ya Luanda, iliyopitishwa na Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2014, inataka rejista za namna hiyo na kwamba mahabusu, wakili na familia waweze kuziona. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote, na halihitaji bajeti. Nakala ya OB inayotumwa moja kwa moja kwenye masjala ya mahakama iliyo karibu, kwa mfano, ingemnyima mkuu wa kituo uwezo wa kuiandika upya asubuhi.

Tanzania nayo ina kikomo cha saa 24 katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, lakini haina chombo kinachofanana na IPOA. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora huchunguza na kushauri, bila nguvu ya kulazimisha. Udhaifu huo ulionekana Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wa teksi walipouawa Dar es Salaam na polisi kutangaza kwamba ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Taarifa hiyo ingesimama kama Rais Jakaya Kikwete asingeunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka, iliyokuta kwamba hawakuwa majambazi. Kesi iliyofuata ilidumu muongo mzima, na mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani ofisa mmoja. Uwajibikaji unaotegemea uamuzi wa Rais kuunda tume unawafikia wale tu ambao kifo chao kimezua kelele za kutosha, na tofauti ya Kenya na Tanzania katika jambo hili si ya wema wa askari, bali ya kuwapo au kutokuwapo mlango ambao mlalamikaji wa kawaida anaweza kuubisha.

Swali la mwisho ni nani hasa anayewajibishwa. Sheria ya polisi ya Kenya inasema wazi kwamba kufuata amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria, kanuni inayombana konstebo bila kumfikia aliyetoa amri. Jaribio kubwa la kwenda juu zaidi lilitokana na kifo cha mtoto mchanga jijini Kisumu wakati wa operesheni ya polisi baada ya uchaguzi wa Agosti 2017. Uchunguzi wa mahakama mwaka 2019 uliwanyoshea kidole makamanda, na Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka alitangaza kuwashtaki maofisa, wakiwamo makamanda, kwa makosa dhidi ya ubinadamu chini ya Sheria ya Makosa ya Kimataifa ya 2008. Mashtaka ya aina hiyo yanahitaji kuthibitisha kwamba mkubwa alijua au alipaswa kujua, na ujuzi huo umo katika amri za operesheni, mgawanyo wa vikosi, mawasiliano ya redio na daftari la kutoa na kurudisha bunduki, yaani katika karatasi zinazotunzwa na kikosi kinachoshtakiwa. Upande wa mateso, Sheria ya Kuzuia Mateso ya 2017 imeweka kifungo cha hadi miaka 25, na cha maisha mtu anapokufa, lakini waathiriwa wengi bado wanaelekea mahakama za madai, ambako baadhi ya waliopitia Nyayo House walishinda fidia na kisha wakaanza kesi nyingine ya kuidai Serikali iwalipe walichopewa. Aliyewatesa hachangii chochote katika malipo hayo, na jina lake, mara nyingi, halimo katika hukumu.